Sauti Ndani ya Kompyuta za Kakese

Provi alipozikwa, watu wa Kakese hawakujua tena wamwite nani mama yake. Kwa miaka saba alikuwa Mama Provi sokoni, kanisani na hata ofisini kwa walimu wenzake. Baada ya maziko jina lile likawakwama watu kooni. Wengine walilianza, wakalimeza nusu njia. Mwishowe wote wakahamia kwenye "mwalimu", kana kwamba kikao kimekaa na kupitisha azimio. Mama mwenyewe, Séverine, aliyasikia mabadiliko hayo akaona ni sawa. Siku hizo kila kitu alikiona ni sawa.

Ilikuwa malaria, wakati wa mvua kubwa. Homa ilianza kama mchezo, mara degedege, na wazazi wakapanda bodaboda wamembana mtoto katikati yao mpaka Mpanda mjini. Madaktari walifanya yote waliyoweza. Kesho yake baba yake Provi, Arcade, alirudi nyuma ya pikapu, amekumbatia jeneza dogo ili lisirukeruke kwenye mashimo ya barabara.

Kutoka Katumba, makazi ya Warundi alikozaliwa Séverine, walikuja watu wengi. Bibi zake walimshika mikono wakamwambia kwa Kirundi, "Ihangane, mwana wanje," yaani avumilie, mtoto wao. Naye aliitikia, "Ndiyo," kama mtu aliyeulizwa kama chumvi imetosha.

Hakulia, si makaburini, si nyumbani. Mumewe, mkulima wa tumbaku na karanga, mwanaume wa kifua kipana, alilia mpaka sauti ikakauka. Siku moja alimvuta mkewe pembeni ya jiko.

"Séverine, lia hata kidogo. Watu wanatazama."

"Naona wanatazama," alijibu. "Machozi ndiyo siyaoni, Baba Provi. Nayatafuta, hayapo."

Alirudi kazini mapema kuliko alivyotarajiwa. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na Provi naye alikuwa anasoma darasa hilohilo. Asubuhi ile aliandika tarehe ubaoni, chaki ikabaki mkononi, naye akabaki ameuelekea ubao. Watoto walikaa wakimsubiri ageuke. Kengele ya mapumziko iligongwa hajageuka bado.

Mwalimu mkuu, Telesfori, alikuwa mtu mzima asiyependa kuzungusha maneno. Alimwita ofisini, akamvutia kiti.

"Mwalimu, darasa la kwanza alishike Immaculata kwa sasa. Wewe kaangalie kile chumba cha kompyuta."

Chumba cha kompyuta kilikuwa na jina tu. Ofisi moja ya mjini ilinunua mashine mpya, zile za zamani ikaigawia shule. Zilikaa mezani zimefunikwa mashuka ya zamani. Ukiwasha moja, unaweza kwenda kuchota maji ukarudi ndiyo kwanza inaamka. Na ikiamka imejaa virusi, skrini inageuka nyeusi inadai leseni ambayo shule haina. Séverine alielewa kwamba amewekwa mahali ambapo hataharibu kitu. Aliona ni sawa.

Immaculata alikuwa na kaka yake, Amosi, fundi mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta mjini karibu na stendi. Alikuja Jumamosi na pikipiki, flashi moja mfukoni. Alifunua mashuka, akapuliza vumbi, akawasha mashine mojamoja huku akitikisa kichwa.

"Hizi hazijafa, mwalimu. Zimebebeshwa mzigo usio wao tu. Tunafuta kila kitu, tunaweka mfumo mwingine, Linux."

"Hiyo inauzwaje?"

"Haiuzwi. Wanaoitengeneza wameiacha wazi. Unaiweka kwenye mashine zozote unazotaka, unampa jirani, unaingia ndani ukaona ilivyofumwa. Hakuna atakayekuja kukudai leseni."

Séverine aliitikia kwa kichwa. Zamani angeuliza maswali mengi. Alikuwa mtu wa kuuliza. Sasa alikaa pembeni ya Amosi, akajifunza kuchomeka flashi, kubonyeza, kusubiri, kubonyeza tena. Amosi aliiweka kwenye mashine mbili, nyingine akamwachia yeye. Kazi ilimfaa. Mashine iliuliza jambo moja, ikajibiwa, ikaendelea. Haikumtazama usoni kuona anaendeleaje.

Ndani ya mfumo ule mlikuwa na programu ya watoto, michezo tele: kuhesabu mayai, kupanga herufi, kumpeleka bata kwenye bwawa. Maandishi yake yalikuwa ya Kiswahili. Watu fulani, mahali fulani, walishayatafsiri. Lakini ilipofungua mdomo ilisema Kiingereza. Kundi la kwanza la watoto lililoletwa likaitazama kama watu wanavyomtazama mgeni aliyepotea njia.

"Sauti za Kiswahili hakuna," Amosi alisema alipokuja tena. "Lakini tunaweza kuziweka. Unarekodi neno, unalipa jina lilelile la sauti ya zamani, unalitupia kwenye folda. Basi. Nani atakukataza?"

Walirekodia stoo ya chakula cha shule, kati ya magunia ya mahindi, kwa sababu magunia hayaachi sauti ijirudie. Séverine alisoma herufi zote. Akasoma namba, ng'ombe, mbuzi, bata, samaki. Kisha yakaja yale maneno mtoto anayoambiwa akipata au akikosa: hongera, vizuri sana, jaribu tena. Amosi alisikiliza kwenye hedifoni, akakunja uso kidogo.

"Mwalimu, samahani. Hapa kwenye hongera, changamka. Mtoto ameshinda."

Akasema tena, "Hongera."

Amosi akajikuna shingo. "Ni kama unatangaza treni ya Tabora imechelewa."

"Ndiyo sauti niliyo nayo," Séverine alisema.

Amosi akaona haya, akafunga laptop yake. "Basi itatosha, mwalimu. Itatosha kabisa."

Na ilitosha. Watoto walipanga foleni mlangoni. Mpishi wa shule, Fausta, alilalamika kwamba siku ya kompyuta uji unapoa hauna mnywaji.

Katika darasa la Immaculata kulikuwa na mtoto wa Kisukuma, Milembe, binti wa mfugaji aitwaye Malale aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Boma lao lilikuwa mbali, ng'ambo ya mto, na nyumbani Kiswahili hakikuzungumzwa. Milembe alikaa dawati la nyuma, mdomo umefungwa. Alipojaribu kusema neno wenzake walicheka, na yeye hakujaribu tena. Immaculata alimleta chumba cha kompyuta kwa mkono.

"Mkalishe hapa, mwalimu. Kwangu anakaa tu kama mzigo uliosahauliwa."

Séverine alimvalisha hedifoni, akamwonyesha kipanya, akaenda kwenye kiti chake. Hakumwambia neno lingine. Alikuwa anamwogopa kidogo, kwa sababu kimo chake kilikuwa kilekile cha Provi. Lakini mashine ilisema, na midomo ya Milembe ikaanza kutembea. Bata. Samaki. Jaribu tena. Alirudi kila alipopewa nafasi, na hata ambapo hakupewa.

Mvua zilikatika, majani yakaanza kukauka. Siku moja Séverine alikuwa anapita nyuma ya madarasa, akawakuta wasichana wanaruka kamba. Mmoja alikuwa ameruka muda mrefu bila kunasa. Alipotoka anahema, Milembe akasogea mbele yake, akanyoosha mikono ubavuni, akasema kwa Kiswahili safi:

"Hongera. Umefanya vizuri sana."

Lakini alivyosema! Sauti ilikuwa bapa, haina mwinuko wala mteremko, kama ya mtu anayesoma maandishi ya ukutani. Wasichana wengine hawakucheka. Aliyefuata akanasa kamba mguuni, na wote kwa pamoja, kwa sauti ileile iliyokufa, wakamwambia, "Jaribu tena." Kwao ndivyo maneno yale yanavyosemwa. Ndivyo walivyofundishwa.

Fausta alikuwa anaosha sufuria karibu na bomba, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, umewaambukiza! Watoto wako wote wanaongea kama mahakimu!"

Séverine alisimama. Alichohisi hakikuwa huzuni. Alikuwa kama mtu anayepita mbele ya dirisha la duka, akamwona mgeni mle kwenye kioo, kisha akagundua mgeni yule ni yeye.

Jioni alimkuta Arcade barazani anabangua karanga za mbegu. Akavuta kigoda, akakaa upande wa pili wa ungo.

"Baba Provi, mimi siku hizi nikiongea, naongeaje?"

Arcade alipasua karanga moja, akapasua ya pili.

"Kama mtu aliye nje," alisema, "anaongea na sisi kupitia ukutani."

"Tangu lini?"

"Unajua tangu lini."

"Na wewe unanivumiliaje?"

"Nikikusikia ukutani, angalau najua hujaenda mbali."

Séverine akachukua karanga akaanza kubangua. Alitazamia kwamba sasa, baada ya maneno kama hayo, machozi yangekuja. Hayakuja. Kiza kilipoingia Arcade akabeba ungo, yeye akabeba vigoda, wakaingia ndani.

Kesho yake alimchukua Milembe mpaka stoo, akamkalisha juu ya gunia. Amosi alikuwa amemwachia kipaza sauti kidogo cha kuchomeka.

"Nataka uiambie mashine hongera," Séverine alisema.

Milembe akanyoosha mikono. "Hongera," alisema, kihakimu.

"Hapana. Usiseme kama mimi. Mzee Malale akipotelewa na ng'ombe, kisha ng'ombe akarudi mwenyewe, nyie nyumbani mnafanyaje?"

Milembe akamtazama kuhakikisha kwamba ni mwalimu kweli anayeuliza hivyo. Halafu akavuta pumzi, akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza Kisukuma chote kikaingia kwenye ulimi wake:

"Hongelaaa!"

Akajisikia mwenyewe, akaziba mdomo, kicheko kikamtoka kati ya vidole. Vyote viliingia kwenye rekodi, kelele na kicheko.

Immaculata aliposikia alikuja juu. "Hongela? Mwalimu, tunahangaika kuwanyoosha R na L, halafu kompyuta yenyewe inawavuruga?"

"R nimeisoma mimi mwenyewe, iko sahihi," Séverine alisema. "Hii ni furaha tu. Furaha haisahihishwi."

Telesfori aliitwa aamue. Alivaa hedifoni, akasikiliza, akasikiliza tena ingawa mara moja ilitosha, akazivua. "Iacheni," alisema, akaondoka huku mgongo unamtikisika kwa kicheko.

Amosi naye alijitolea kukata kile kicheko cha mwisho. Séverine akakataa. Kwa hiyo mambo yakabaki hivi: herufi na namba na wanyama kwa sauti bapa ya mwalimu, na kila ushindi kwa sauti ya Milembe. Watoto walizoea zote mbili. Uwanjani "jaribu tena" iliendelea kusemwa kihakimu, ila hongera ikawa ni ya kupigiwa kelele.

Amosi alituma zile sauti kwa mtandao kwa watu wanaoitunza programu ile. Jibu lilikuja: walishukuru, wakauliza ni za nani ili waandike majina. Alikuja kumuuliza Séverine, akasita, akazungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni.

"Nilifikiri... tunaweza kuandika na jina la Provi. Kumkumbuka."

Séverine akatikisa kichwa. "Hapana. Provi hakusema chochote humu. Andika Séverine, na Milembe binti Malale. Wa Kakese."

Likizo ilipofika, mwalimu mmoja wa Karema, Theopista, ambaye Amosi aliwahi kumtengenezea simu, akaomba naye awekewe mfumo ule kwenye mashine za shule yao. Amosi akamwomba Séverine waende pamoja, kwa sababu sasa kazi ya kuweka aliijua. Arcade alimfungia karanga za njiani. Barabara ilikuwa ndefu, vumbi tupu mpaka lilipotokea ziwa Tanganyika chini yao, kubwa na lililotulia.

Kazi iliwachukua asubuhi nzima. Mchana Theopista aliita watoto wa jirani waje kujaribu. Mvulana mmoja akampeleka bata bwawani, na mashine ikapiga ukelele wake. Watoto wakaruka, kisha wakaangua kicheko, wakataka bata apotee tena ili arudishwe tena.

"Huyu mtoto ni wa nani?" Theopista aliuliza, anacheka na yeye.

"Wa mfugaji mmoja wa kwetu. Mwanafunzi wangu," Séverine alisema. "Januari atakuwa darasa la pili. Mimi narudi darasa la kwanza."

Alikuwa hajamwambia mtu jambo hilo, hata Telesfori. Amosi, aliyekuwa chini ya meza anafunga nyaya, alinyanyua kichwa akamtazama, akarudi kwenye nyaya zake.

Baadaye, wakati Amosi anatafuta petroli, Séverine aliteremka mpaka ufukweni akakaa kwenye mtumbwi uliofudikizwa. Alidhani pengine mahali pazuri kama pale patamfungulia kitu. Alisubiri. Maji yalikuja, yakarudi. Hakuna kilichofunguka. Karibu yake wanawake walikuwa wanaparua samaki aina ya migebuka kwenye mabeseni, wakipiga soga, magamba yamewaganda mikononi.

"Dada," mmoja alimwita, "kama umekaa tu, shika kisu."

Akashika. Samaki walikuwa wabichi na wazito, utelezi mtupu, ikabidi akaze mkono.

"Una watoto?" mwanamke yule aliuliza, kama watu wanavyouliza.

"Nilikuwa naye mmoja. Alifariki mwaka huu."

"Pole, dada yangu."

"Asante."

Mwanamke alimsogezea samaki mwingine. Wakaendelea kuparua, na beseni lilikuwa limekwisha Amosi alipokuja kuita, pikipiki inanguruma juu barabarani.