Robota la Dullah

Fathiya wa Unguja hana subira na watu wanaolia ghali kutwa kucha, na pale Guangyuan Xilu, mtaa wa maghala katika jiji moja la Kichina, wote wanalijua hilo. Yeye hununua mabaibui na mitandio, na robota lake halifungwi mpaka mpagazi wa ghala anywe kwanza chai ya tangawizi kutoka chupa yake.

Siku ile wafanyabiashara walikuwa ghalani wakibishana, maana jiji lilisemekana kutaka kupandisha kima cha chini cha mshahara. Dullah, mnunuzi wa jinzi kutoka Kariakoo, akapaza sauti: "Wakiongezwa hawa wapagazi, bei ya mzigo itapanda, sisi tutakula wapi? Kazi yenyewe kufunga kamba tu!"

Fathiya akaweka kikombe chini. Akamvutia kiti Mzee Chen, mpagazi, kisha akamtupia Dullah kamba.

"Haya, mdogo wangu. Leo funga lako mwenyewe."

Dullah akalirukia robota, akalikanyaga, akavuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Jinzi zikachomoza ubavuni. Watu wakavunjika mbavu kwa kicheko, lakini Fathiya hakucheka. Alimmiminia Dullah chai, akamuuliza kwa upole:

"Kazi hii, wewe ungeifanya kwa ngapi?"