Mashine ya Nakhumicha Haiendi Skrapu

Kwa miaka ishirini na miwili Becky Nakhumicha amedarizi majina kwenye majoho ya kwaya na sweta za shule katika karakana ya Waweru, pale Riruta. Mashine yake huongozwa na kompyuta ya zamani yenye skrini nyeusi na maandishi ya kijani, isiyojua kipanya wala intaneti. Wateja huicheka. Yeye huwajibu, "Cheka tu, bora joho uchukue Alhamisi."

Mwezi uliopita kibodi yake ilikufa. Fundi Clifford alizunguka mjini siku mbili akitafuta nyingine yenye plagi ya duara, akaipata katika maduka ya barabara ya Luthuli, mtumba wa kutoka Ufaransa. Herufi zake zimechorwa kwa mpangilio wa kwao: mahali pa Q pana A, mahali pa Z pana W. Clifford alitaka vitufe vitii michoro yake, kwa hiyo akaongeza programu ya mpangilio wa Kifaransa kwenye faili ya kuwashia kompyuta. Tangu hapo, ukifungua programu ya kudarizi na kuandika herufi tatu, kibodi yote hunyamaza. Hata kitufe cha kusimamisha sindano.

"Hii kitu imezeeka, Auntie," Waweru alisema Jumatano asubuhi, amesimama mlangoni na Clifford. "Mtu wa skrapu anakuja saa sita. Majoho ya kanisa la Satellite nitapeleka kwingine."

"Na mimi unanipeleka wapi?"

Waweru akaangalia simu yake. Sote tuliokuwa mezani tukikata nyuzi tulielewa. Mashine ikiondoka, mama wa miaka hamsini na tisa hana kiti hapo.

"Saa sita haijafika," Nakhumicha akasema. "Tokeni hapo mlangoni, mnanizibia mwanga."

Alianza kwa kuandika nje ya programu ya kudarizi. Kibodi ikafanya kazi vizuri, basi si mbovu. Akafungua faili ya kuwashia, akawa anazima mstari mmoja, anawasha kompyuta upya, anajaribu. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu: kimya kilekile. Alipozima wa nne, ule wa Clifford, akaandika herufi kumi bila kukwama.

"Kila ukibonyeza, kompyuta inakatizwa ipokee namba ya mahali kitufe kilipo," alimwambia Clifford. "Programu yangu inaidaka hiyo namba yenyewe. Ya kwako nayo inaidaka. Umeweka mabawabu wawili kwa mlango mmoja."

Clifford akacheka. "Lakini sasa umetoa Kifaransa, Auntie. Ukibonyeza A inatoka Q. Joho ya Awuor utaandika Qzuor?"

"Nani amekuambia mimi huangalia vitufe?"

Akavua skafu yake na kufunika mikono yote miwili pamoja na kibodi. Alisomea uhazili Kakamega, na huko mwalimu wa kupiga chapa aliwafunika mikono hivyo hivyo. Aliyechungulia alichapwa rula. Akamtazama Clifford usoni huku vidole vikienda chini ya kitambaa. Kwenye skrini likatokea AWUOR. Halafu OCHOLA, NJAMBI, MULWA.

Akatandika joho, akaanzisha sindano. Katikati ya jina la Awuor akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Sindano ikasimama juu, uzi ukining'inia. Akaiachilia, ikamaliza jina.

"Sasa nani mwingine ataitumia?" Waweru akauliza, sauti imeshuka.

"Yeyote atakayekubali kufunikwa mikono. Na ile faili, Clifford, usiiguse bila kuniuliza."

"Sawa, Auntie."

Mtu wa skrapu alipofika na mkokoteni, Nakhumicha ndiye aliyemtokea mlangoni. Akamwambia hapa hakuna chuma cha kuuza, ageuze. Mtu yule akamtazama Waweru. Waweru akainama, akaanza kuhesabu majoho ya Satellite ambayo bado hayajaandikwa majina.