Siku Tisa za Mjomba

Niliporudi Mitwero kutoka Dar es Salaam, baada ya miezi mitatu ya mafunzo ya kupanga miradi, nilikuwa sishikiki. Zilikuwa enzi za ruksa, maduka yameanza kujaa, nami nilikuwa na kalamu nene za rangi nne na kazi mpya katika kampuni ya barabara. Nilichokosa ni mradi. Bahati nzuri dada yangu alikuwa anaolewa.

Nilibandika karatasi pana ukutani. Kila shughuli niliifungia kisanduku chake: kukoboa mpunga, kuchanja kuni, kushona nguo, kufunga maturubai. Kisha kwa wino mwekundu nikaunganisha zile ambazo moja ikichelewa, harusi nzima inachelewa, hadi kwenye ndoa siku ya Ijumaa. Zilizobaki, nilimweleza mama, zina nafasi. Zikichelewa kidogo hakiharibiki kitu.

Mama alikuwa amesimamia harusi za nusu ya mtaa bila kalamu. Aliitazama karatasi kwa adabu zote.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Mpunga tulikoboa jana."

Kaka yake, mjomba wangu, aliishi Kiswere. Baba alishafariki, na hata angekuwapo, kwetu binti hatoki nyumbani mjomba hajatamka neno lake. Nilimpa kisanduku cha kijani pembeni: "Mjomba kufika." Nafasi ya kuchelewa: siku tisa. Kwa majivuno nikanakili mchoro wote na kumpelekea, pamoja na barua ya maelezo.

Jibu alilileta mchuuzi wa samaki, kwa mdomo. "Mjomba wako anakusalimu sana. Ameziona siku zake tisa, anashukuru, na ameshaanza kuzitumia."

Nilicheka. Mama hakucheka.

Siku ya tisa ilikuwa Jumatano. Visanduku vyekundu vyote vilikuwa tayari, mjomba hayupo, na likizo ya bwana harusi ilikuwa inaisha Jumapili. Dada aliniita mlangoni, hina mbichi mikononi.

"Kaka, nisipoolewa Ijumaa, hiyo karatasi utaila."

Alitaka kunitania, lakini sauti ilimkatikia njiani. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nikadandia lori la kwanza lililokuwa likielekea Kiswere.

Nilimkuta mjomba barazani, kanzu imepigwa pasi, begi miguuni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Begi hili nimelifunga tangu barua yako ilipofika."

"Sasa mbona hukuja?"

"Mjomba hufuatwa, baba. Niliitafuta kwenye karatasi yako kazi ya kunifuata, sikuiona. Au miwani yangu?"

Nilibeba begi, tukaenda kungoja lori.

Ijumaa alitamka neno lake, dada akalia kama inavyotakiwa, ndoa ikafungwa. Jumamosi mama aliniambia nibandue karatasi, anataka kufunikia mabaki ya pilau. Nilipokifikia kile kisanduku cha kijani, mkono ulisita. Nilikumbuka shule ya bweni pale Lindi. Kila tulipofunga, wenzangu walikaa juu ya masanduku yao hadi jioni wakisubiri kuchukuliwa. Mimi sikusubiri hata mara moja. Mjomba alikuwa akitoka Kiswere siku moja kabla na kulala kwa jamaa, ili geti likifunguliwa asubuhi nimwone yeye kwanza.