Shikamoo ya Bibi wa Kilakala

Kwa siku nyingi nilikosa usingizi kwa ajili ya neno moja nililolitamka kwa kinywa changu mwenyewe. Neno hilo ni marahaba. Nililitoa kumjibu bibi kizee aliyeniamkia shikamoo, mimi kijana wa miaka ishirini, kwenye njia ya Kilakala, mbele ya mke wangu na mbele ya wanawake wanne waliokuwa wakipanda mlima na mizigo ya mihogo. Nilijiuliza: yule bibi aliniamkia kwa woga au kwa kunidhihaki? Kama ni woga, basi mimi ni mtu mbaya. Kama ni dhihaka, basi mimi ni mjinga. Na kama ni vyote viwili? Niligeuka ubavu huu na ule mpaka mke wangu akaniambia kwamba kitanda kile ni cha watu wawili na nusu, nami nakitumia kana kwamba nalala peke yangu.

Ile nusu ilikuwa mimba yake ya miezi saba.

Tulikuwa tumefika Morogoro miezi mitano tu nyuma. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya serikali huko pwani. Nilijua kusoma, kuandika, hesabu, na Kijerumani cha kutosha kupokea amri, na boma la Morogoro likanichukua kuwa karani. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wanaume wanaotakiwa kwenye kazi ya barabara na kuyasoma kwa sauti siku ya baraza. Ilikuwa pia kuhesabu. Mtu akihukumiwa kiboko, askari anapiga na karani anahesabu, moja, mbili, tatu, mpaka zitimie ishirini na tano, yaani hamsa ishirini, kama watu walivyoziita. Nilijiambia kwamba kuhesabu si kupiga. Nilijiambia hivyo kila mara, na sasa najua kwamba mtu mwenye uhakika na jambo hahitaji kujiambia kila mara.

Sikuupenda mji ule, nao haukunipenda. Asubuhi mlima ulijifunika ukungu hadi shingoni na nguo zilizoanikwa hazikukauka. Mchana upepo ulileta vumbi la Msamvu na moshi wa gari la moshi, vikaingia ndani ya chungu cha wali. Jirani zangu wafanyabiashara, watu wa pwani kama mimi, waliniuzia chumvi kwa adabu na kufunga mazungumzo nilipokaribia. Mke wangu akienda mtoni kuchota maji, wanawake walinyamaza mpaka ajitwike mtungi wake aondoke. Watoto hawakunyamaza. Walinifuata kwa nyuma, mbali kiasi cha kuweza kukimbia, wakiimba, "Karani! Karani! Hamsa ishirini!" Niliwachukia wale watoto. Nilikuwa na hoja tano za kuonyesha kwamba hawakuwa na haki ya kuniimbia, na kila nilipozipanga vizuri nilikuta ya tatu inapingana na ya kwanza.

Mke wangu hakuwa na hoja. Alizaliwa Pangani, kwenye nchi tambarare, na tangu siku tuliyoshuka kwenye gari la moshi alikuwa akiitazama Uluguru kama mtu anayetazama nyumba ya jirani mwenye karamu. Jumapili ofisi ilifungwa, na kila Jumapili alisimama mlangoni amekwisha jifunga kanga.

"Twende tukatembee, Bwana Karani."

"Wapi?"

"Ningejua ni wapi, ningekuwa na haja gani ya kwenda?"

Basi tulitembea. Tulikwenda Bigwa tukaona mashamba ya mpunga. Tulifuata mto hadi mahali ambapo maji yanaanguka kati ya mawe makubwa meusi, yeye akaingiza miguu na kupiga kelele kwa baridi, mimi nikakaa pembeni kutazama kama kuna mtu anatutazama. Daima alikuwepo. Mahali penye migomba mitupu, ukitulia kidogo, uliona jicho. Nilivaa kofia yangu nyeupe ya kazi na viatu, kwa sababu sikuwa na uhakika kama kuvivua ni kujidhalilisha au ni kujificha, na niliposhindwa kuamua nilivivaa. Wenyeji hawakuwa na neno la kumwelezea mtu anayepanda mlima bila safari. Mtu anayezunguka, anatazama nyumba za watu, kisha anashuka kwenda boma, walikuwa na neno lake, na halikuwa zuri.

Jumapili ya yule bibi tulikuwa tumepita Kilakala na kuanza kupanda. Njia ilikuwa nyembamba. Kundi la wanawake watano lilikuwa linapanda mbele yetu polepole, nasi tukawafikia. Wanne walijibana ukingoni tupite. Wa tano, mzee kuliko wote, alitua mzigo wake, akageuka, akaitazama kofia yangu, kisha viatu, kisha akapiga magoti kwenye udongo mwekundu. Alisema kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya bonde:

"Shikamoo, bwana mkubwa."

Nilipaswa kumwinua. Nilipaswa kupiga magoti mimi, au kusema "Bibi, mimi ni mjukuu wako," au hata kukimbia. Badala yake nikaanza kufikiri. Nikikataa salamu yake, je, si nitakuwa nimemkosea mbele ya wenzake? Nikimwamkia mimi shikamoo baada ya yeye kuniamkia, je, si itaonekana kama mchezo? Ulimi haukungoja akili imalize.

"Marahaba," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Bibi akainuka, akakung'uta magoti, akajitwika mzigo, akawaambia wenzake jambo kwa Kiluguru. Mmoja wao akatema mate chini, si mbali na kiatu changu.

Mke wangu alisubiri mpaka tulipofika nyumbani. Kisha akasema, "Marahaba! Kesho akija na fimbo akakuamkia, utamwambia hujambo mjukuu wangu?" Alikuwa anacheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi nikatumia nusu ya juma kupima kama yalikuwa ya kicheko.

Habari ilishuka mlimani kabla yetu. Jumatatu watoto walikuwa na wimbo mpya. Walipiga magoti barabarani, mmoja baada ya mwingine, wakaita, "Shikamoo, bwana mkubwa!" na kujijibu wenyewe kwa sauti nene, "Marahaba, kizee!" Sokoni muuza mchele alinisalimia hivyo hivyo bila kuinua uso. Hata askari mmoja wa boma alijaribu, akacheka peke yake.

Yote hayo ningeyavumilia kwa kuyachukia. Lakini katika juma lile lile mke wangu aliacha kutembea. Alishika kiuno, akasema mtoto amelala mkingamo, na akasema kwa utulivu ulionitisha kuliko kilio. Alijua anachosema. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imelala hivyo hivyo, kabla hatujahamia huku. Alihangaika siku mbili. Mtoto alizaliwa amekufa, na mkunga wa Pangani alimwambia kwamba ikitokea tena atafute mapema mikono inayojua kugeuza mtoto tumboni.

Nilimwendea daktari wa boma, Mzungu aliyezoea majeraha ya askari. Alisema nimlete siku ya uchungu. Niliomba ruhusa ya kumrudisha pwani, nikanyimwa. Ndipo mke wangu akaenda mtoni kuwauliza wale wanawake wasiozungumza naye. Siku hiyo walizungumza. Walimgusa tumbo, wakatazamana, na wote wakamtajia mtu mmoja: kuna bibi juu ya Kilakala, mikono yake hugeuza mtoto kama mtu anavyomgeuza aliyelala, bila kumwamsha.

"Ni yule," mke wangu akaniambia.

"Yule yupi?"

"Wako. Uliyempa marahaba."

Jumapili iliyofuata nilipanda peke yangu. Nilivua kofia nikiwa Kilakala, na viatu nikavivua mbele kidogo, kwa sababu nilidhani kuvua vyote mahali pamoja kungeonekana ni maigizo. Niliukuta mji wake, nyumba sita za udongo kwenye mgongo wa mlima, kuku, moshi, na hakuna mwanamume hata mmoja anayeonekana. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anamenya magimbi.

Nilipiga magoti. "Shikamoo, Bibi."

Aliendelea kumenya. Nilirudia. Alimaliza gimbi lile, akachukua jingine.

"Sauti yako nimeizoea," akasema hatimaye kwa Kiswahili kizuri tu. "Una sauti safi. Siku ile ya mtoto wa dada yangu nilisimama nje ya ukuta wa boma, sikuona kitu, lakini nilisikia kila hesabu. Hukuruka hata moja."

Nikasema nililokuja nalo: mke wangu, mimba, mtoto aliyelala mkingamo, yule wa kwanza aliyekufa.

"Najua. Wanawake wameniambia."

"Basi nakuomba ushuke, Bibi. Nitaleta watu wakubebe."

"Kwenye nyumba ya boma?" Akacheka kwa pua. "Nikishuka huko, nani atanipandisha? Sishuki. Yeye apande. Akae kwangu mpaka ajifungue na atimize arobaini yake."

"Nami nitakuja kumtazama kila—"

"Wewe hutakuja." Sasa aliniangalia. "Wanaume wa hapa wako wapi, unafikiri? Wamekuona ukiwa bado bondeni, wameingia msituni. Ukija kila Jumapili, watalala msituni kila Jumapili. Mara mbili tatu watachoka, watahama, na mimi nitabaki hapa na kuku. Mkeo namtaka. Wewe sikutaki."

"Umenisamehe, Bibi?"

"Nimesema habari ya mkeo. Ondoka, wanangu wanaumwa na mbu huko."

Nilishuka nikiwa nimekasirika, na hasira ile ilinisaidia siku moja. Siku ya pili nikaanza kupima. Je, kama ni kisasi? Wampe mke wangu dawa mbaya, waseme ni uzazi? Je, kama watamfanya rehani, ili nifute majina ya vijana wao kwenye orodha? Je, mtoto akizaliwa kwao, wakisema si wangu, kwa kuwa Waluguru huhesabu mtoto kwa mama? Je, daktari wa boma si bora kuliko bibi anayetuchukia? Lakini daktari hatuchukii wala hajui. Je, chuki na ujuzi si bora kuliko upole na ujinga? Nilichora mstari katikati ya karatasi ya ofisi, upande huu sababu za kwenda, upande ule za kukaa, nikajaza pande zote mbili hadi chini. Nilimsomea mke wangu.

Alisikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye mkeka na miguu imenyooshwa.

"Umemaliza?"

"Bado upande wa nyuma."

"Bwana," akasema, na safari hii hakuongeza Karani. "Unaogopa watanifanya nini ambacho ninyi hamkuwafanyia wao?"

Nikageuza karatasi upande wa nyuma.

"Yule bibi angetaka kuniua asingekutukana. Angesema karibu, mwanangu, njoo na mumeo. Mtu aliyekuambia usoni kwamba hakutaki, hana analoficha. Mimi nina mtoto amelala vibaya. Wewe una karatasi. Amua."

Sikuamua siku ile. Niliamua siku ya tatu, nikiwa kazini, kalamu mkononi. Hakuna kilichotokea. Nilitazama tu mkono wangu unavyoandika jina la mtu nisiyemjua kwa hati nzuri, na nikaona kwamba katika mambo yote niliyowahi kupima kwa makini, hapa ofisini sikuwahi kupima hata moja. Nilifanya upesi nilipoamriwa. Woga wangu wote niliuhifadhi kwa ajili ya nyumbani.

Alfajiri ya Jumapili nilifunga mkeka, sufuria, kanga nne na chupa ya mafuta ya nazi. Tulipanda polepole, tukapumzika mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Pale Kilakala watoto waliamka na kutuona, wakaanza wimbo wao, kisha wakaliona tumbo la mke wangu na jinsi alivyoshika bega langu, wakaacha. Mmoja tu aliendelea, kwa sauti ndogo, mpaka mama yake alipomvuta ndani.

Chini ya mji wa bibi kuna kijito chenye gogo la kuvukia. Bibi alikuwa amekwisha fika ng'ambo na wanawake wawili. Alinionyesha kwa kidole mahali pa kusimama, nami nikasimama. Wale wawili walivuka, wakachukua mzigo mikononi mwangu bila kunitazama, wakarudi. Bibi akanyoosha mkono. Mke wangu aliushika, akaweka mguu mmoja kwenye gogo, kisha akageuka.

"Usije," akaniambia. "Nakujua. Utajipa sababu. Usije."

"Siji."

"Hata ukiota vibaya."

"Siji, mke wangu."

Akavuka. Sikungoja mpaka wapotee migombani, kwa sababu nilijua nikingoja nitapata hoja. Nikaupa mlima mgongo na kuteremka.