Kapu la Mlangoni

Nilipokuwa mtoto, enzi za Mwingereza, nyumba nyingi za Temeke zikiwa bado za udongo na makuti, niliamini kwamba kapu likifungwa na kutundikwa mlangoni, mke wa nyumba hiyo ataachika. Imani hiyo sikuiokota njiani. Alinipa mama yangu mzazi, tena kwa furaha.

Kapu lenyewe lilikuwa la mama mdogo, mke wa pili wa baba. Baba alikuwa mchukuzi bandarini, akamleta kutoka Rufiji mwaka ambao mimi nilikuwa naanza kung'oka meno. Mpaka hapo baba alikuwa wetu. Akirudi na muhogo wa kuchoma, kipande cha kwanza kilikuwa changu. Mama mdogo akapewa chumba cha mbele, sisi tukabaki na cha uani, na kabla hatujamzoea akajifungua mtoto wa kiume. Nilimchukia yule mtoto tangu arobaini yake. Hata kilio chake nilikiona cha kujidai.

Masika ilipokaribia, mama mdogo alisuka kapu la ukindu. Akatia nguo za mtoto, kanga, tende, chumvi, na kibiriti ndani ya mkebe wa bati, akafunga mdomo wa kapu kwa kamba na kulitundika kwenye mwimo wa mlango wa mbele. Baba akamuuliza ni la nini. Akajibu kwamba kwao Rufiji mto haupigi hodi, na mwenye mtoto mchanga hangoji maji yamfike magotini ndipo aanze kutafuta mbeleko. Baba alicheka, maana pale petu hapakuwa na mto wa kumtisha mtu, lakini alicheka kwa mapenzi, na kesho yake akalipigilia kapu msumari ulio imara zaidi. Ule msumari ulimuuma mama kuliko harusi yenyewe. Mlango wa chumba chetu ulikuwa ukining'inia kwa bawaba moja tangu Ramadhani, na hakuna aliyeuona.

"Huo ni uchuro," mama aliniambia tukichagua mchele. "Mzigo ukifungwa ukakaa mlangoni, unamwita mwenyewe aondoke. Mwache."

Nimelitafakari sana hilo neno mwache. Mtu anayemtakia mwenzake heri angemwonya alishushe. Mama alinyamaza, akawa analiangalia kapu kila asubuhi kama mtu aliyepanda mbegu. Na mimi nililiangalia vilevile. Akilini niliiona siku baba akirudi nyumbani na chumba cha mbele kikiwa kitupu, na muhogo wote ukiwa wangu.

Masika ikapita bila mafuriko, kapu likabaki palepale. Mama mdogo alikuwa akilifungua, anaanika nguo, anazibadilisha kadiri mtoto alivyokua. Tena akaanza kunifundisha mimi. Likitokea la kutokea, aliniambia, nisirudi ndani kutafuta kitu wala mtu, nikimbilie kisimani, watu wote wa nyumbani watanikuta huko. Alimweleza na mama. Mama akamjibu kwamba kile kisima yeye alikijua kabla watu wengine hawajajua njia ya kuja Dar es Salaam. Nilicheka sana siku ile.

Siku hizohizo gauni langu la maua likapotea kwenye kamba ya kuanikia. Mama hakumwambia baba. Alimtazama tu mke mwenzake, akanikataza kula chochote kitokacho chumba cha mbele, kwa kuwa nguo ya mtoto ikiibwa, alisema, haiibwi kwa kuvaliwa.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya adhuhuri, kaskazi ikivuma. Mama alikuwa uani akitwanga kisamvu, mimi nacheza barazani. Jiko la nyumba ya tatu likashika moto, na kwa upepo ule makuti hayakungoja. Mama mdogo akatoka na mtoto mgongoni, akalitungua kapu, akanikamata mkono. Akageukia ukumbini akaita kwa nguvu, "Dada, tokeni!"

Mama, kwenye kishindo cha kinu chake, alisikia, "Dada, natoka." Akainua kichwa, akaona mgongo wa mke mwenzake ukiishia mlangoni na kapu mkononi. Mimi hakuniona.

"Haya, nenda salama," akajibu, akaendelea kutwanga. Mwenyewe aliniambia nilipokuwa mtu mzima kwamba katika maisha yake hajapata kutwanga kisamvu kitamu kama kile.

Cheche zilipodondokea kinuni ndipo alipoelewa. Akakimbilia ndani ya moshi kunitafuta mimi, ambaye nilikuwa nimekwisha fika kisimani.

Kule kisimani mama mdogo alitazama watu waliokuja, akawatazama tena. Akamfungua mtoto mgongoni, akanipakatisha. "Mshike mdogo wako. Usiondoke hapa." Akarudi mbio kule tulikotoka. Nikabaki na yule mtoto niliyemchukia, ananivuta sikio, na wivu wote ukaniishia mwilini. Nilimtaka mama yangu tu.

Walitokea pamoja, mama mdogo amemshika mama kifundo cha mkono kama anayemburuta mtoto mtundu. Nyusi za mama zilikuwa zimeungua. Nyuma yao paa letu likaanguka.

Jioni, kwa jirani aliyetusitiri, kapu likafunguliwa. Chini ya nguo za mtoto kulikuwa na gauni langu la maua, na chini ya gauni, kanga ya mama ambayo hata hakujua kama imepotea.

"Ningeliomba, usingelinipa, dada," mama mdogo alisema. "Nikaona bora niitwe mwizi."

Mama hakushukuru. Aliivaa ile kanga, akageukia ukuta. Lakini nyumba ilipoezekwa upya alisuka kapu lake, kubwa kuliko la mwenzake, akalitundika mlango wa uani na kumdai baba msumari. Baba, ambaye naye alikuwa amezisikia habari za uchuro, akamuuliza, "Na wewe unaondoka?"

"Niondoke, nimwachie nani?"

Nililichungulia kapu lile. Juu kabisa palikuwa na kishati cha mdogo wangu, gauni langu likiwa chini yake. Wivu ukanipanda upya, safari hii wa kumwonea mama yangu mwenyewe. Wake wenza wale hawakupendana mpaka kufa kwao, nisiwapambe. Walinuniana, walishindana kwa kanga na kwa mapishi. Ila kile kishati mama alikuwa akikibadilisha kila mtoto alipokua, bila kuambiwa na mtu.

Sasa nami nina mfuko nyuma ya mlango. Mke wa mwanangu hapendi kuuona. Huniambia, "Mama, acha uchuro," na mwanangu humwunga mkono, kama anavyomwunga mkono kwa kila jambo tangu amwoe, na hilo linaniuma, sifichi. Juzi alishinda anatafuta kanga yake na sweta la mtoto, anasema vimepotea kambani. Nilimsaidia kutafuta.