Mkwe wangu amenifufua ofisini

Nina miaka sabini na mitano. Nimeishinda vita ya Kagera, ukame, na daktari aliyenikataza tumbaku.

Leo karibu nishindwe na karatasi yangu ya kuachishwa jeshi.

Imeandikwa hivi: sababu ya kuondoka, amefariki.

Sasa marehemu atakaaje mbele na wenzake kwenye sherehe za mashujaa? Nikaenda wilayani waisahihishe. Afisa akataka shahidi wa familia, nikamleta mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa.

"Mama, unamjua huyu?"

"Namjua. Ni baba wa mume wangu."

"Anaitwa nani?"

Akainama, akaanza kukunja pindo la shuka lake.

Ndipo nikakumbuka. Kwetu Wabarabaig mwanamke hatamki jina la baba mkwe hata umtishie kwa kisu. Tena nimemsifia hilo kijiji kizima.

Afisa akanigeukia. "Mzee, shahidi wako hakujui."

"Mtajie majina, kijana. Utaona mwenyewe."

Akacheka, akaanza.

"Ni Petro?"

"Siye."

"Safari?"

"Siye."

"Gidamis?"

Mkwe wangu akajifunika uso kwa shuka, akatoka mbio, kiti kikaanguka.

Afisa akakuna kichwa. "Haya, Mzee Gidamis. Shikamoo."

Akafuta "amefariki", akaandika "yu hai", akagonga muhuri.

Niambieni, nani kati yenu amewahi kufufuliwa na mtu anayemkimbia?

Anayebisha akamwulize Tluway, mlinzi wa pale mlangoni. Mkwe wangu alimpiga kikumbo, na kofia yake bado anaitafuta.