Pampu ya Kisima cha Basilia

Basilia Urbina alikuwa na miaka sitini na moja, na bega lake la kulia lilikuwa limechoka kuliko yeye mwenyewe. Mkono ule aliweza kuuinua hadi kifuani tu. Nywele alichana kwa wa kushoto. Hakuanguka, wala hakupigwa teke na ng'ombe. Ni kisima. Huku kwetu Las Lajitas maji yako mbali, na kisima cha Basilia kinashuka pima kumi na tisa. Sasa piga hesabu mwenyewe: ndoo nane kila asubuhi, za jikoni, za kuku, za kuoshea vyombo vya jibini, kwa miaka arobaini. Wanaume wa kwetu huchimba kisima, kisha hawaigusi tena kamba yake.

Mwezi wa Machi ndoo ilimponyoka mara mbili. Binti yake, Nubia, akaja kutoka mjini Juigalpa, akamtazama anavyovuta huku ameuma meno.

"Mama, yatosha. Jumapili inayofuata Pasaka naja na lori kukuchukua. Kwangu maji ni ya bomba."

Basilia hakubisha. Alishawahi kukaa kwa Nubia wiki moja, kwenye kiti cha plastiki, akitazama ukuta wa jirani tangu asubuhi hadi jioni. Hakutaka kufia kwenye kiti kile. Lakini nyumba bila maji haikaliki, na hilo alilijua vizuri kuliko Nubia.

Akamwita Obdulio, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa baiskeli. Obdulio alishaiona pampu ya kamba huko bondeni, akaishika kichwani. Si kitu cha ajabu, nawaambia. Kamba moja ndefu imeungwa ncha kwa ncha, ina vifundo, na kila kifundo kimebeba kipande cha mpira cha mviringo. Juu inapita kwenye gurudumu, inazama kisimani, inazunguka chini kabisa, halafu inapanda ndani ya bomba la plastiki huku mipira ikiyasukuma maji mbele yake. Wewe unazungusha mpini tu.

Walianza Jumatatu ya Wiki Kuu, na ilibidi wamalize Jumatano, maana Alhamisi na Ijumaa kwetu nyundo haiinuliwi na maji hayatekwi. Obdulio alichonga mipira kutoka tairi la lori mpaka vidole vikatoka malengelenge. Basilia alifunga vifundo, kimoja kila hatua, akitumia meno pale bega lilipogoma. Hawakuzungumza sana. Mchana walikula tortila za mahindi na maharage wakiwa wamesimama.

Jumatano alasiri pampu ikakamilika. Obdulio alikuwa amechagua bomba nene, maana alitaka maji yamwagike kama mto, watu waone. Akazungusha. Maji yakatoka kweli, kwa kishindo, ndoo ikajaa upesi.

"Eeh! Shemeji, umeona mambo hayo?"

"Nimeona. Hebu nipishe."

Basilia akaushika mpini kwa mkono wa kushoto. Alizungusha mara mbili, ya tatu akakwama. Akaegemeza kifua, akasukuma tena. Mpini ukamrudi, ukamgonga mbavuni, akakaa chini mavumbini.

"Hujauzoea tu," alisema Obdulio. "Ni mwepesi huo. Mtoto anazungusha."

Basilia hakunyanyuka.

"Shemeji, maji ya siku mbili takatifu bado sijateka. Pipa lile pale. Nijazie."

"Kwa pampu hii? Ni kazi ya dakika chache!"

Ndoo ya pili aliimaliza akipiga mluzi. Ya tatu mluzi ukakatika. Kwenye ya nne akabadilisha mkono.

"Rudisha," alisema Basilia. "Mmoja tu. Mimi ninao mmoja."

Watu walikuwa wakipita barabarani kwenda kanisani. Eleuterio, mkamuaji wa ng'ombe, akasimamisha farasi.

"Obdulio! Umeolewa lini wewe? Na chakula kimeiva?"

"Pita zako!"

"Napita, napita. Ila usisahau kufagia, mama mwenye nyumba!"

Wanawake wakaangua kicheko hadi mmoja akashika mti. Obdulio aliendelea kuzungusha, pumzi hana. Ndoo ya sita akauachia mpini. Pipa lilikuwa halijafika nusu.

"Hivi ndani ya bomba hili kuna maji mazito kiasi gani?" akauliza, kana kwamba anakiuliza kisima.

"Mengi," alisema Basilia. "Ulinijengea mto, shemeji. Mimi naomba maji ya kupikia."

Pipa alilijaza. Alilimaliza jua likizama, akaenda zake bila kuaga.

Jumamosi, nyundo zilipofunguliwa, alirudi na basi, mabomba membamba yamefungwa juu ya paa. Walilitoa lile nene kipande kwa kipande. Mipira yote ikawa haifai, mikubwa mno, ikabidi ichongwe upya midogo. Kazi iliwala siku tano. Mara hii Obdulio hakujaribu yeye. Alikaa pembeni, akamwacha Basilia azungushe, na kila Basilia alipokunja uso, Obdulio aliuchomoa mpira, akaupunguza kiasi cha uzi mmoja.

Jumapili inayofuata Pasaka lori likafika. Nubia akashuka na kamba za kufungia mizigo mkononi, akamkuta mama yake ameketi kisimani anazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, polepole. Maji yalitoka membamba kama kidole.

"Mama, maji gani haya? Ndoo moja utaijaza mpaka lini?"

"Mpaka ijae. Usinisemeshe, napoteza mwendo."

Nubia akahesabu. Mbele ya mama yake kulikuwa na ndoo saba zilizojaa, mkono wa kulia umepumzika mapajani. Akazitupa kamba chini, akamgeukia dereva.

"Zima tu gari, kaka. Njoo ule."

Basilia hakucheka wala hakulia. Alikuwa amechoka mno kwa yote mawili. Alibadilisha kikao kidogo, akaendelea. Ya nane ilikuwa bado nusu.